Redio ya Pili

Nilikuwa nimeshika redio koli mbili, moja kila mkono. Nikasemea ile ya kulia: "Wajdi, Wajdi, hapa manispaa, nijibu." Ile ya kushoto, ambayo haikuwa hata shubiri mbili kutoka mdomoni mwangu, haikukoroma. Nikabadilisha, nikasemea ya kushoto. Ya kulia nayo ikanyamaza. Ndivyo nilivyokuwa Fawwaz alipoingia amekumbatia kompyuta yake kuukuu kifuani, akasimama mlangoni akinitazama.

"Ukimaliza kuigiza, nipishe mezani," akasema.

Nilitaka kumrushia moja ya redio usoni. Nilijizuia kwa sababu zilikuwa mbili tu, na kwa sababu katika kijiji chetu chote cha Ayn Sindiyan hakuna mwingine anayejua kuziingilia redio zile. Fawwaz hutengeneza televisheni na simu pale sokoni chini, na hajawahi kumtengenezea mtu kitu bila kumsimanga kwanza kwa namna alivyokiharibu. Siku nyingine mambo yake hunichekesha.

Juu mlimani, ndani ya moshi, kulikuwa na wanaume wanane wa kikosi chetu cha kujitolea. Mmoja ni mume wangu Wajdi, ambaye ndiye kiongozi wao. Mwingine ni mdogo wake, Labib. Walipanda alfajiri na redio mbili kwenda kukata njia ya kuzuia moto juu ya mashamba ya zeituni, na tulikubaliana washuke jioni kwa Barabara ya Misonobari. Tulikubaliana hivyo upepo ukiwa unavuma kutoka baharini. Baada ya adhuhuri upepo uligeuka. Kutoka paa la manispaa tuliona kwa macho yetu moto ukiivuka ile barabara katikati, na wao kutoka kule waliko wasingeuona mpaka wawe wameshaingia ndani yake. Njia iliyobaki ilikuwa Bonde la Jozi, mteremko wa mbuzi, lakini ulikuwa bado safi.

Nilihitaji sentensi moja tu iwafikie: msishuke barabarani, shukeni bondeni. Simu za mkononi hazikuwa na mtandao tangu jana yake. Helikopta ya jeshi ilikuja mara moja, ikamwaga maji, ikaenda zake. Tulimtuma mtu kwa pikipiki, akarudi hana nyusi. Zilibaki redio, na redio zilikuwa zimekuwa viziwi.

Redio zetu tulipewa na kikosi cha zimamoto cha Ulaya kilipozichoka, nasi tukazipokea kwa shukrani kama tunavyopokea kila kilichochokwa na wengine. Zimepangwa kusemea masafa mengine na kusikilizia mengine. Ukisema, sauti inakwenda kwanza kwenye mnara ulioko kilele cha Ras Nimr. Mnara unaipokea kwa masafa ya kwanza, unairusha upya kwa masafa ya pili, kwa nguvu, na redio zote zinasikia. Mnara ukiwa mzima hakuna anayekumbuka kuwa upo. Adhuhuri ile moto uliufikia. Tangu hapo kila redio ilikuwa inasema mahali ambapo hakuna redio nyingine inayosikiliza, hata zikiwa mkononi mwa mtu mmoja.

"Wajdi yuko kule anaita," Fawwaz alisema, akifuta meza kwa kiwiko. "Anaita, na sauti yake inafika mpaka hapa ndani. Inapita kwenye masikio yako, sema hizo redio hazijui pa kuisikilizia. Sasa tunaigeuza moja. Isikilize pale wanaposemea wao, isemee pale wanaposikilizia wao. Tutaongea nao moja kwa moja, mnara uende zake."

"Kumbe inawezekana?"

"Ni kuandika namba mbili tu, hii iende pale na ile ije hapa."

"Na muda wote huu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nahamisha mbuzi wa mama yangu, Nuhad. Hata mimi nina mama."

Mama wa kwangu mimi, yaani mama mkwe, alikuwa chumbani humohumo na ufagio. Mama Wajdi hawezi kukaa bure, na siku ile asingeweza hata kama ungemfunga kamba. Alikuwa amefagia ofisi ya manispaa mara sijui ngapi, amefuta vioo, amepanga viti ambavyo hakuna wa kuvikalia. Alitutia mikononi mikate ya zaatari, ile ya majani makavu ya kunukia na mafuta ya zeituni, aliyoileta kutoka nyumbani.

"Kula kwanza, Fawwaz mwanangu, unizike," akamwambia. Ndivyo mama zetu wanavyosema na mtu wanayempenda, wakimwombea aishi kuliko wao.

"Mikono yangu itapaka mafuta kwenye kebo, Mama Wajdi."

"Basi fungua mdomo nikulishe."

Akafungua. Yule mwanamume mwenye ulimi wa kuchoma akafungua mdomo kama mtoto, akalishwa huku anaunganisha nyaya.

Tulianza na kompyuta yangu kwa sababu ni mpya na ina betri nzuri. Fawwaz alijua kazi hiyo haina faida ila aliniridhisha. Programu ya redio zile iliandikwa zamani, kwa ajili ya kompyuta za polepole. Inaiuliza redio swali, kisha inangoja jibu kwa kuhesabu. Kompyuta mpya inahesabu kwa pupa, inafika mwisho kabla redio haijafumbua mdomo. Skrini ikaandika: redio haijibu. Tukajaribu tena. Redio haijibu.

"Umeridhika?" Fawwaz aliniuliza.

"Weka ya kwako."

Ya kwake ilikuwa nzito kama tofali na polepole kupita kiasi, ndiyo maana ilifaa. Ina hata lile tundu la nyuma la pini tisa ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Kasoro yake ni moja. Betri yake ilivimba miaka mingi iliyopita akaitupa, kwa hiyo inaishi kwa waya wa ukutani tu. Ukichomoa, imekufa papo hapo. Betri za akiba za ofisi nazo zilikuwa zimeharibika tangu masika na manispaa ilikuwa bado inalijadili jambo hilo.

Kwa hiyo tulikuwa mikononi mwa jenereta ya mtaa, ambayo mwenyewe hutuuzia umeme. Ofisi imejiunga kwa ampea tano, sawa na nyumba nyingi, na ampea tano si kitu. Nikazima friji. Nikazima feni na taa. Nikachomoa mashine ya maji ya moto. Nikapanda ngazi kumwambia jirani wa ukuta wa pili, anayejifanya hajui kuwa amejiunganisha kwetu, kwamba akiwasha pasi leo nitamvunja mguu. Akasema sawa, dada Nuhad, bila kuuliza pasi gani.

Fawwaz akaisoma redio ya kwanza. Ikajibu. Kwenye skrini nyeusi zikatokea namba za masafa yetu, zile ambazo fundi wa miaka ile aliziingiza na ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa tena. Fawwaz akazibadilisha mahali, akizitamka taratibu, nami nikizisoma nyuma yake ili asikosee. Akanionyesha kitufe cha kuandikia.

"Nikibonyeza hiki, hakuna kugusa kitu. Inafuta kilichomo kwanza ndipo inaandika kipya. Ikikatizwa katikati, ndani inabaki tupu, haijui hata kuwa yenyewe ni redio. Na hapa sina cha kuifufulia. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Bonyeza."

Akabonyeza. Mstari mweupe ukaanza kutambaa kwenye skrini, kidogo kidogo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nikimwomba Mungu, nikimtukana Wajdi kwa kuwa shujaa, nikimwomba Mungu tena.

Sasa lazima niseme habari za swichi. Kila nyumba ya kwetu inayo ukutani, karibu na mlango, na juu yake kuna kitaa kidogo chekundu. Kitaa kikiwaka, maana yake umeme wa serikali umekuja. Huja saa moja kwa siku, siku nyingine hauji kabisa. Basi kikiwaka tu, aliye karibu anainuka na kuigeuza swichi itoke kwenye jenereta iende kwa serikali, na nyumba nzima inakimbia kufua, kupiga pasi, kuvuta maji. Hakuna anayefikiri. Nimemwona Wajdi akiigeuza huku amelala nusu. Nimemwona mjukuu wa jirani, asiyejua bado kutembea vizuri, akikinyooshea kidole kitaa kile na kulia abebwe akaibonyeze. Ukiacha kitaa kinawaka na wewe unatumia jenereta, watu watakuona una kichaa.

Kitaa kikawaka. Sikukiona, nilikuwa nimekipa mgongo. Nilisikia sauti ya Mama Wajdi nyuma yangu, sauti ileile ya kila siku, yenye furaha ndogo:

"Umeme umekuja."

Na kisha tak.

Kati ya jenereta na serikali umeme ulikosekana kufumba na kufumbua tu. Kompyuta ikazima. Redio ikalia mlio mmoja mrefu, kitaa chake kikawa chekundu, kikazimika. Juu ya vichwa vyetu taa ya ofisi, ile ya umeme wa serikali tu, ikawaka kwa nguvu zote za serikali.

Fawwaz aliinua redio, akaiwasha. Kimya. Akaitoa betri, akairudisha, akaiwasha. Kimya. Akaiunganisha upya, akangoja ile kompyuta yake izinduke kwa mwendo wake wa kizee, akaiuliza redio. Redio haijibu. Akauliza tena. Kisha akaiweka mezani taratibu, na utaratibu ule ulinitisha kuliko angeipiga ukutani.

"Mama Wajdi," akasema bila kugeuka. "Mkono wako ule ukatike."

"Fawwaz," nikasema.

"Ukatike, nasema. Nimeambia watu wote humu hakuna kugusa. Nimesema au sikusema?"

Alisema, lakini aliniambia mimi. Mama mkwe alikuwa anafagia pembeni, na hata kama angeambiwa mara kumi, mkono ule haukumuuliza mwenyewe. Mama Wajdi alikuwa bado amesimama chini ya swichi. Aliutazama uso wa Fawwaz, akautazama wangu, na nikaona anaelewa. Haikumjia mara moja, ilimpanda polepole kutoka miguuni.

"Nimemuua Wajdi?" akauliza.

"Hujamuua mtu, mama. Iko nyingine."

"Nimeziua redio?"

"Moja, mama. Moja tu. Iko ya pili."

Akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akiwa ametugeuzia mgongo. Nilipaswa kumfuata. Sikumfuata, nilikuwa na hasira naye. Nilimpenda yule mama na dakika ile nilimchukia kwa moyo wote, vyote viwili vikiwa ndani yangu bila kusukumana.

"Ya pili," nikamwambia Fawwaz. "Haraka."

"Rudisha swichi kwenye jenereta."

Nikaenda kuirudisha, nikasikia kimya cha mtaa. Mwenye jenereta huzima mtambo wake mara serikali inapowasha, asichome dizeli bure. Sauti ya mtambo ule tulikuwa tumeizoea kiasi kwamba kukoma kwake kulinifanya nisikie milio ya moto kwa mbali. Kwa hiyo sasa tulikuwa na umeme wa serikali peke yake, ule ambao hukatika bila hodi.

"Inaweza kuwa saa nzima," Fawwaz alisema. "Inaweza kuwa sasa hivi."

"Basi unaongea nini? Andika."

Akaunganisha redio ya pili. Redio haijibu.

Akachomoa, akachomeka. Redio haijibu. Akaitikisa kebo, akazima programu akaiwasha upya, akabadilisha namba ya tundu, akairudisha. Skrini ikatujibu maneno yaleyale, kwa upole uleule. Jasho lilikuwa linamtoka Fawwaz mpaka kwenye ncha ya pua. Dirishani mwanga ulikuwa umekuwa wa rangi ya chungwa, na jua halikuwa bado la kuchwa.

"Ile ya kwanza ilijibu mara moja," nikasema. "Hii ina nini?"

"Ningejua ina nini ningekuwa nimekaa hapa?"

"Labda kebo imeungua pale umeme ulipokatika."

"Nyamaza, Nuhad. Kama ni kebo tumekwisha, kwa hiyo si kebo."

Akaigeuza redio, akaitazama ubavuni, pale zilipo zile nukta za shaba zinazogusana na kebo. Zilikuwa zimeota ukijani. Miaka ya jasho la viganja. Akaomba spiriti, na spiriti hatukuwa nayo. Nikakumbuka mkoba wa mama mkwe uliokuwa kitini, nikaufungua bila kuomba, nikatoa chupa yake ya kolonya ya ndimu, marashi yenye spiriti ndani. Fawwaz akaloweka ncha ya shati lake, akasugua nukta moja moja, chumba kizima kikanukia harusi. Akaunganisha. Skrini ikawaza, ikawaza. Ikaanza kusoma, ikafika katikati, ikaacha. Redio haijibu.

"Imejibu nusu," nikasema.

"Imechoka. Nguvu haitoshi." Akaichomoa betri ya redio ile iliyokufa, ambayo ilikuwa imechajiwa asubuhi, akaihamishia kwa hii. "Kama na hii haikubali, mimi nitashuka nikakae na mama yako kwenye ngazi."

Ikakubali. Ikasoma mpaka mwisho. Namba zetu zikajipanga kwenye skrini kama mwanzo. Fawwaz akaandika, nikasoma nyuma yake, akakosea moja, nikamwambia, akanitukana, akairekebisha. Mimi nikaenda kusimama mlangoni na kuifunika ile swichi kwa mgongo wangu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kuigusa. Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Akabonyeza.

Mstari mweupe ukaanza tena kutambaa. Taa ya dari ikapepesa mara moja. Fawwaz akaitolea macho kana kwamba atakayeifanya isikatike ni yeye. Ikapepesa tena, ikatulia. Sikumwomba Mungu safari hii, niliogopa hata yeye asije akagusa kitu.

"Imekwisha," Fawwaz akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuijua kuwa ni yake.

Tulipanda ngazi za paa tukigombania kutangulia. Huko juu majivu yalikuwa yakianguka kama unga. Nikaiwasha redio, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikainyanyua kuelekea mlimani. Mvumo mtupu. Kisha ndani ya mvumo, Wajdi, amekaukiwa koo, akisema kama mtu anayeongea peke yake:

"...manispaa, manispaa. Hapa Wajdi. Manispaa, nijibu. Nuhad, nijibu basi."

Alikuwa hajaacha kuita tangu adhuhuri. Nilibonyeza kitufe. Fawwaz akanipiga begani.

"Wajdi, nakusikia. Msishuke barabarani. Moto umeivuka Barabara ya Misonobari katikati. Shukeni bondeni, Bonde la Jozi liko safi. Umenisikia? Bondeni."

Kimya. Nikafikiri tumekosea namba.

"Nuhad?" akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Umesikia nilichosema?"

"Labib ameshuka."

"Ameshuka wapi?"

"Barabarani. Tumeita na kuita hakuna anayejibu. Akasema yeye ana miguu myepesi, atatangulia kuangalia kama njia iko wazi, halafu arudi atuambie."

"Ameondoka lini?"

"Sasa hivi. Kama robo saa, haijafika hata."

"Ana redio?"

"Ile nyingine imekwisha betri. Nuhad, mimi namfuata."

"Humfuati."

"Ni mdogo wangu."

"Una watu sita nyuma yako, Wajdi. Nipo juu ya paa naiona barabara yote. Hakuna barabara, kuna moto mtupu. Ukimfuata nitakuwa nawahesabu wawili. Washushe hao bondeni. Nakuomba. Nakuomba kwa macho yangu haya."

Niliusikia upepo kwa upande wake, na mtu akikohoa.

"Tunashuka bondeni," akasema.

Nikakimbilia ukingo wa paa, nikawapigia kelele wanaume waliokuwa uwanjani: Labib yuko barabarani, Labib anashuka kwa Misonobari, pelekeni gari la maji. Waliruka ndani ya gari wote, na gari likaondoka milango ikiwa wazi. Nilijua watafika wapi. Watafika pale yule wa pikipiki alipoachia nyusi zake.

Nikageuka. Fawwaz alikuwa ananitazama, nami nikamtazama. Sijui nani kati yetu alianza kupiga ile hesabu. Redio ya kwanza ilikuwa imebakiza kidogo tu kumaliza. Kama ingemaliza, ningempata Wajdi wakati Labib akiwa bado amekaa kando yake juu ya jiwe, labda anakunywa maji. Ukijumlisha kungoja kompyuta, na kebo, na kolonya, na betri, na yale matusi, ilizidi robo saa. Fawwaz aliinamisha kichwa na kuanza kuchambua kucha zake zenye weusi wa mashine.

Mama Wajdi alitokea mlango wa paa. Alikuwa amezisikia kelele zangu kutoka kwenye ngazi, uwanja mzima ulizisikia. Alipanda pole pole akishika ukuta, na mkono wake wa kulia alikuwa ameufunga ndani ya ncha ya shela yake, ameuficha.

"Wajdi?" akauliza.

"Yuko hai, mama. Nimeongea naye. Anashuka bondeni na wenzake."

"Na Labib ameshuka barabarani."

"Ndiyo, mama. Gari limemfuata."

Akautazama mlima. Hakulia. Alikuwa anafikiri, na niliona anakofikiri kuelekea, nikatamani kumziba macho.

"Ameshuka lini?" akauliza.

"Mapema."

"Mapema lini, mamangu? Kabla ya umeme kuja au baada?"

"Kabla, mama. Kabla sana."

Akanitazama, kisha akaniacha, akamgeukia Fawwaz. Kijiji kizima kinajua kuwa Fawwaz hamwonei mtu haya. Aliwahi kumwambia mjane, mbele ya jeneza, kwamba marehemu alikuwa hajui kuendesha gari.

"Niambie wewe, Fawwaz. Yeye ananihurumia. Wewe hunihurumii."

Fawwaz akamaliza kucha aliyokuwa anaichambua.

"Alishuka kabla sijafika na kompyuta yangu, Mama Wajdi," akasema, kwa ukali uleule wa siku zote, kama anayemsimanga. "Wajdi mwenyewe kasema, nimesikia kwa masikio yangu. Hata ile redio ya kwanza ingekubali, isingemkuta. Mtoto wako ana haraka, ndivyo alivyo. Usitafute mambo mengine."

Mama Wajdi aliendelea kumtazama. Mkono ukalegea kidogo ndani ya shela.

Redio ikakoroma kiganjani mwangu. "Nuhad," Wajdi akasema, na sauti yake ilikuwa inalia, "nisikilize, huyu Labib ametoka hapa—"

Nikakizungusha kitufe mpaka kikatoa tak.

"Mbona umeizima?" mama mkwe akauliza. "Wajdi alikuwa anasema."

"Betri, mama," nikamwambia. "Tunaitunza betri."